Kabla ya Kulipia Skani, Toa Ulimi

Mtaa wa Olympic, Kibera, unaishi kwa koo. Alfajiri, matatu za nambari 8 zikijaza, makanga huita abiria wa tao bila kupumzika, muuza mandazi huita wateja wake, na kabla jua halijapanda mhubiri wa barabarani amekwisha kufungulia spika. Ukishuka kuelekea Kianda na Gatwekera utawasikia walimu wa chekechea wakishindana na kelele za darasa lililojaa. Kule soko la Toi mnadi wa mitumba hana bango wala tangazo, ana kifua chake tu. Vuka Ngong Road uingie Kawangware, usimame kituo cha 46 saa kumi na moja jioni, na hali ni ile ile.

Kwa hiyo sauti ikikauka, mwenye nayo haendi hospitali. Anakwenda kazini na ile iliyobaki. Tangawizi na limau kwanza, kisha kemisti, kisha antibayotiki, na zisipofaa, antibayotiki za rangi nyingine. Wiki zinapita. Siku moja chai inapita njia isiyo yake, anapaliwa mbele za watu, na jioni hiyo familia inafungua kundi la WhatsApp la mchango. Hapo ndipo mtu hutamka sentensi ambayo Nairobi imezoea kuisikia: "Tumpeleke apigwe picha ya kichwa."

Nia ni njema, na pesa hutoka, mara nyingi sawa na kodi ya chumba ya miezi kadhaa. Tatizo ni kwamba picha ya kichwa ya kawaida hutazama ubongo, na ubongo wa mtu huyu huenda ni mzima kabisa. Kinachomsumbua kiko chini zaidi: kwenye sakafu ya fuvu, shingoni, au hata kifuani karibu na moyo. Skani imekomea pale hasa ugonjwa wake unapoanzia. Ripoti inarudi ikisema hakuna kasoro, familia inamshukuru Mungu, na mgonjwa anaendelea kupaliwa.

Neva nne za chini

Binadamu ana jozi 12 za neva za fuvu, zinazofika kichwani na shingoni kwa kupita katika matundu ya mfupa badala ya kupitia uti wa mgongo. Hesabu hiyo ya 12 tumeirithi kwa Mjerumani Samuel Thomas Soemmerring, aliyeipanga mwaka 1778. Nane za kwanza zina umaarufu wake: kunusa, kuona, kusogeza macho, hisia za uso, kusikia. Makala haya yanahusu nne za mwisho, ambazo mtu huzitumia kutwa nzima bila kuzikumbuka. Ya 9, glosofarinjia, hubeba hisia za koo na ladha ya nyuma ya ulimi. Ya 10, vagasi, huinua kaakaa laini na kusogeza nyuzi za sauti, kisha hushuka mpaka moyoni na tumboni. Ya 11, aksesori, hugeuza shingo na kupandisha bega. Ya 12, hipoglosi, ndiyo inayoendesha ulimi.

Tatu kati ya hizo, ya 9, ya 10 na ya 11, hutoka fuvuni kwa tundu moja, liitwalo tundu la jugula, zikiwa zimebanana na mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka ubongoni. Ya 12 ina mfereji wake mdogo jirani kabisa. Ujirani huo ndio msingi wa kila kitu kitakachosemwa hapa chini. Uvimbe unaokua katika tundu lile hauwezi kuigusa moja ukaziacha nyingine kwa muda mrefu.

Halafu kuna tawi moja la vagasi ambalo, kama uumbaji ungekuwa kazi ya mkandarasi wa kaunti, lingezua maswali bungeni. Ndilo tawi linaloendesha nyuzi za sauti. Badala ya kutoka shingoni na kuingia moja kwa moja kwenye zoloto, upande wa kushoto hushuka mpaka kifuani, hupita chini ya tao la aota, kisha hupanda tena hadi kooni. Upande wa kulia huzunguka ateri iliyo nyuma ya mtulinga. Twiga wale wa Lang'ata, ambao watoto wa shule hupelekwa kuwalisha, nao wana tawi hilo hilo, nalo husafiri zaidi ya mita 4 kwenda na kurudi ili kufika mahali palipokuwa karibu tangu mwanzo. Galeni, tabibu wa Roma katika karne ya pili, alilikata hadharani kwa nguruwe aliyekuwa akipiga kelele. Mnyama aliendelea kuhangaika, sauti ikakatika.

Kwa mgonjwa wetu maana yake ni kwamba sauti inaweza kukauka kwa ugonjwa ulio popote kati ya shina la ubongo na moyo. Eneo lote hilo haliwezi kupigwa picha moja yenye ubora unaotosha. Lazima mtu aamue pa kutazama kabla mashine haijawashwa.

Dakika tatu na tochi

Tumchukue mgonjwa wa kubuni: makanga wa miaka 34, sauti yake ni ya kukwaruza kwa wiki ya saba sasa, ameingia kliniki mojawapo ya hapa Kibera. Afisa wa kliniki ana tochi, kijiti cha kukandamizia ulimi na mikono yake miwili.

Anamwambia afungue kinywa aseme "aaa". Anatazama kaakaa laini na kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma. Kaakaa likiinuka sawasawa pande zote mbili, hilo ni jambo kubwa sana. Matawi ya vagasi yanayoinua kaakaa huachana nayo juu kabisa, karibu na fuvu. Kama yanafanya kazi, basi hitilafu iko chini yake: shingoni au kifuani. Kama kaakaa limelegea upande mmoja na kimio kimevutwa upande ule wenye nguvu, hitilafu iko juu, penye sakafu ya fuvu au kwenye shina la ubongo. Kwa "aaa" moja safari ya sentimita nyingi imegawanywa mara mbili, na hakuna senti iliyotumika.

Kisha: "Toa ulimi." Ulimi husukumwa nje na misuli ya pande zote mbili, hivyo upande mmoja ukidhoofika, ule mzima unausukuma ulimi kuelekea upande mgonjwa. Kimio hukimbia ugonjwa, ulimi huukimbilia. Mwanafunzi wa udaktari asiyewahi kuvichanganya viwili hivyo bado sijamwona. Afisa anautazama ulimi ukiwa umetulia ndani ya kinywa: je, nusu yake imesinyaa, inatetemekatetemeka? Kisha anamwambia apandishe mabega huku yeye akiyakandamiza, ageuze kichwa kulia na kushoto dhidi ya kiganja. Mwisho anampapasa shingo kutafuta tezi na rovu, na kumpa maji kidogo anywe mbele yake.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, madaktari wa Ufaransa, miongoni mwao Maurice Vernet na Frédéric Collet, walikuwa wakipokea askari waliopigwa risasi na vipande vya mabomu chini ya sikio. Hawakuwa na skani ya aina yoyote. Waliangalia koo, bega na ulimi, wakaweza kusema ni tundu gani la fuvu lililoumia. Ya 9, ya 10 na ya 11 zikilegea pamoja, huo ni ugonjwa wa Vernet. Ikiongezeka ya 12, ni wa Collet na Sicard, na jeraha liko nje kidogo ya fuvu, pale neva zote nne zinapopita bega kwa bega. Majina hayo yangali yanatumika hospitalini leo, kwenye ripoti za mashine ambazo wenyewe hawakuziota.

Kuona nyuzi za sauti zenyewe ni kazi ya hatua inayofuata, nayo ina asili ya kufurahisha. Mwaka 1854 mjini Paris, mwalimu wa uimbaji Manuel García alitia kioo kidogo cha daktari wa meno kooni mwake, akakielekezea mwanga wa jua kwa kioo cha pili, akaziona nyuzi zake zikifunguka na kufungika. Leo kamera nyembamba hupitishwa puani na kazi huisha kwa dakika chache. Ikiwa uzi mmoja hausogei, msako umeanza rasmi. Na mara nyingi kamera hiyo huonyesha kitu kingine kabisa, kijinundu cha mtu anayepiga kelele kutwa au saratani ya zoloto lenyewe, na safari ya neva inaishia hapo. Ndiyo maana sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu au nne inastahili kamera kabla ya dawa nyingine yoyote ya kooni.

Picha ya kwanza huenda ikawa ya kifua

Turudi kwa makanga. Kaakaa lake liko sawa, ulimi umenyooka, mabega yana nguvu, ila kamera imeonyesha uzi wa kushoto umelala. Familia imeshachanga ya MRI ya kichwa. Anachohitaji kwanza ni eksirei ya kifua.

Sababu ni lile tawi la kushoto linalopita chini ya aota. Tezi zilizovimba kwa kifua kikuu (TB) zinaweza kulibana hapo. Saratani ya pafu la kushoto inaweza kulila. Aota iliyotanuka inaweza kulivuta. Kibera si mahali pa kusahau TB: watu wengi, chumba kimoja, dirisha moja au hakuna. Na TB ina njia ya pili, kwani inaweza kukaa ndani ya zoloto lenyewe. Makohozi yapimwe kabla ya kitu chochote cha bei ghali. Dawa za TB katika vituo vya umma nchini ni za bure.

Kisha kuna moyo. Mwaka 1897 daktari Norbert Ortner wa Vienna alieleza wagonjwa waliopoteza sauti kwa sababu ya vali ya mitrali iliyobanana. Damu inapokwama, chumba cha juu cha kushoto cha moyo hutanuka, presha katika ateri ya mapafu hupanda, na neva hubanwa kati ya ateri hiyo na aota. Katika nchi tajiri jambo hili limebaki hadithi ya vitabuni. Kwetu halijawa hadithi. Vali hubanana kwa homa ya rumatiki, na homa ya rumatiki huanza na koo la mtoto lenye bakteria ambalo halikutibiwa vizuri, katika nyumba ambamo watoto wanalala wamebanana. Ugonjwa huwa kooni akiwa darasa la tatu, kwenye vali ujanani, na kwenye sauti akishakuwa mama wa watoto watatu. Ultrasaundi ya moyo ndiyo picha inayomfaa mgonjwa huyo, na ukimlaza ndani ya mashine ya kichwa utakuwa umeikosa hadithi yake yote.

Rovu nalo lisisahaulike, wala upasuaji wa rovu, kwa kuwa tawi la sauti hupita nyuma ya tezi inayovimba na kuwa rovu. Na bega likianguka baada ya kukatwa kinundu shingoni kwa uchunguzi, lisiitwe uchovu. Neva ya 11 hupita juujuu sana nyuma ya shingo, nayo hujeruhiwa kwa urahisi katika upasuaji mdogo unaoonekana si kitu. Mahali penye TB nyingi, tezi nyingi hukatwa.

Ugonjwa ukiwa juu

Sasa tubadilishe kisa. Makanga yule yule, lakini safari hii kaakaa limelegea kushoto, bega la kushoto ni dhaifu, na ulimi umekwenda kushoto. Hapa fuvu linahusika, na hapa mashine kubwa zina kazi ya kweli.

Kuna mbili, na kila moja inajua jambo lake. Skani ya CT ni eksirei inayozunguka mwili. Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI aliitumia kwa mgonjwa wa kwanza tarehe 1 Oktoba 1971 huko London, na mwaka 1979 akagawana Tuzo ya Nobel na Allan Cormack, mwanafizikia aliyezaliwa Johannesburg. CT inajua mfupa. Inaonyesha kama kingo za tundu la jugula zimeliwa, zimepanuliwa taratibu na uvimbe unaokua polepole, au zimevunjika. Inachukua sekunde chache. Lakini neva yenyewe haiioni.

MRI inaiona, ikiulizwa vizuri. Mashine nyingi za hospitali zina sumaku ya tesla 1.5, nguvu inayozidi usumaku wa dunia zaidi ya mara 30,000, na koili zake zimezamishwa katika heliamu ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Haidrojeni iliyo katika maji na mafuta ya mwili hujipanga na sumaku hiyo, hupigwa mawimbi ya redio ya karibu megahezi 64, chini kidogo ya masafa ya FM yanayosikika ndani ya matatu, kisha hujibu. Paul Lauterbur na Peter Mansfield, waliotuonyesha namna ya kugeuza majibu hayo kuwa picha, walipewa Nobel mwaka 2003.

Lakini neva hizi ni nyembamba mno. Zinapotoka kwenye shina la ubongo ni nyuzi za kama milimita moja, nyingine chini ya hapo. Picha ya ubongo ya kawaida hukata kichwa kwa vipande vya milimita 5 hivi. Uzi wa milimita moja ndani ya kipande cha milimita 5 huyeyuka machoni. Inatakiwa picha maalumu ya vipande vyembamba kuliko milimita moja, inayofanya majimaji yanayozunguka ubongo yawe meupe kabisa, ili neva zionekane kama nyuzi nyeusi zilizotandazwa ndani yake. Hapo hata mshipa wa damu unaoigusa neva ya 9 na kuleta yale maumivu ya ghafla ya koo mtu anapomeza huweza kuonekana.

Picha hiyo ina kikomo chake, kwani neva ikishaingia tunduni majimaji yanaisha. Kuanzia hapo mtaalamu wa radiolojia hufuata mafuta. Chini ya fuvu, neva zimezungukwa na mafuta, ambayo kwenye picha fulani za MRI hung'aa. Uvimbe ukiingia, mng'ao unazimika. Baadaye hudungwa dawa ya gadolini na mafuta huzimwa kwa makusudi, ili kinachong'aa kiwe ugonjwa pekee. Na kuna ushahidi wa pembeni ninaoupenda kuliko wote: neva ya 12 ikiwa imekufa kwa miezi, misuli ya nusu ile ya ulimi hugeuka mafuta. Kwenye picha ulimi unaonekana umegawanyika katikati, nusu yake ikiwaka. Asiyejua ataandika kwamba kuna uvimbe kwenye ulimi. Anayejua ataacha ulimi na kupanda juu kuutafuta mfereji.

Kulala chali

Kuna ugumu mmoja ambao maelezo ya kitaalamu huupitia haraka, nao ndio mgumu kuliko yote. Neva zinazotafutwa ndizo zinazomeza mate. Mgonjwa ambaye hawezi kumeza anaombwa alale chali, kichwa kimefungwa ndani ya kizimba cha plastiki, bila kusogea, kwa nusu saa au zaidi. Mate hujikusanya nyuma ya koo. Akiyameza kwa shida, koo lote linasogea na picha inaingia ukungu pale pale panapotafutwa. Akishindwa kuyameza, yanaelekea mapafuni naye anakohoa, na akikohoa kipande kizima cha dakika tano kimeharibika. Ugonjwa unazuia kupigwa picha yake wenyewe.

Radiografa mzoefu anajua hila kadhaa. Anaanza na picha iliyo muhimu kuliko zote badala ya kuiacha mwisho kama utaratibu unavyopanga, kwa sababu dakika kumi za kwanza ndizo mgonjwa anazoweza kuzivumilia. Anamnyonya mate kabla hajaingia. Anampa kengele ya mpira mkononi na kumweleza kwamba kuibonyeza si aibu. Anagawanya kazi vipande vipande na kumwambia ameze sasa, asimeze sasa. Na mgonjwa akishindwa kabisa, anampigia simu daktari kuuliza kama CT ya sekunde chache itatosha kwa leo. Radiografa wa namna hiyo ana thamani kuliko tofauti kati ya tesla 1.5 na tesla 3, ingawa matangazo ya vituo vya picha hutaja tesla tu.

Ila hila hizo zote zinahitaji ajue mapema kwamba mgonjwa hawezi kumeza. Na hilo ataliona wapi, kama si kwenye fomu?

Saratani ya nyuma ya pua

Kuna ugonjwa mmoja wa eneo hili ambao hospitali moja ya Nairobi iliuchunguza mapema. Miaka ya 1960 Peter Clifford, daktari mpasuaji wa masikio, pua na koo katika hospitali iliyoitwa King George VI, ambayo baada ya uhuru ikawa Kenyatta, aliandika juu ya saratani ya nyuma ya pua nchini Kenya. Aliona inawapata zaidi watu wa nyanda za juu kuliko wa maeneo ya chini, akashuku moshi wa nyumba zisizo na dohani ya kuutolea nje. Sayansi ya baadaye iliweka mkazo zaidi kwenye kirusi cha Epstein-Barr, ambacho nacho kilipatikana kupitia Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto mwaka 1958. Desemba 1963 kipande cha uvimbe kutoka Kampala kilisafirishwa kwa ndege kwenda London, ukungu ukailazimisha ndege itue Manchester, na kutokana na mzigo huo uliochelewa Anthony Epstein na wenzake wakakiona kirusi na kukitangaza mwaka 1964.

Saratani hii huanza katika kona iliyofichika nyuma ya pua, karibu na mlango wa mrija wa sikio. Dalili zake za mwanzo hudharauliwa kwa urahisi: sikio moja kuziba kwa mtu mzima, damu kidogo puani, kinundu kisichouma juu ya shingo. Kinundu hicho hutibiwa kama TB, mara nyingine kwa miezi. Inapoachwa hupanda kwenye matundu ya fuvu au hushuka pembeni ya koo, na neva zetu nne zinaanza kulegea. Tiba yake kuu ni mionzi pamoja na dawa, na MRI ndiyo inayochora mpaka wa mahali mionzi itakapoelekezwa. Miaka baadaye mionzi ile ile inaweza kuidhoofisha neva ya 12, ulimi ukapinda tena, na mgonjwa akadhani saratani imerudi. Kutofautisha kovu na uvimbe katika picha hiyo ni kazi ya mtu aliyezoea, mwenye picha za zamani mkononi.

Mistari michache

Mashine zimeongezeka. Mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa kukodi vifaa vya hospitali, ukafikia hospitali 98, na mabishano kuhusu gharama zake yaliendelea bungeni kwa miaka. Tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya afya ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF, kwa makato ya asilimia 2.75 ya mapato au angalau shilingi 300 kwa mwezi, na mtu wa Olympic mwenye kazi ya kibarua anajua vyema kilichobaki kumtoka mfukoni. Huko Uganda, Chuo Kikuu cha Mbarara kimejenga mashine ndogo ya MRI ya sumaku dhaifu kwa ushirikiano na wanasayansi wa Uholanzi na Marekani, kazi iliyoongozwa kwa upande wa Mbarara na Johnes Obungoloch. Lengo lake ni watoto wenye maji kichwani, na kwa hilo sumaku dhaifu inatosha. Neva ya milimita moja haitaonekana humo, wala hakuna aliyeahidi hivyo.

Hata hivyo, kwa makanga wetu uhaba mkubwa haukuwa wa mashine. Kutoka Olympic hadi hospitali ya Mbagathi au Kenyatta ni mwendo mfupi. Uhaba uko kwenye karatasi. Fomu ya kuomba picha ina nafasi ya historia ya mgonjwa, na mara nyingi hujazwa maneno mawili: "maumivu kichwa", au "sauti, chunguza". Mtaalamu wa radiolojia anayepokea maneno hayo atafanya kilicho salama, yaani picha ya ubongo ya kawaida. Hana njia ya kujua kwamba ulimi ulipinda. Mgonjwa hakumwonyesha yeye.

Linganisha na fomu hii: "Mwanamume, 34. Sauti kukauka wiki 7, anapaliwa na vinywaji. Kaakaa, bega na ulimi dhaifu upande wa kushoto. Tafadhali tazama neva ya 9 hadi ya 12 kushoto, kutoka shina la ubongo na sakafu ya fuvu hadi chini ya taya. Hawezi kulala chali kwa muda mrefu." Ni mistari michache. Imeamua aina ya mashine, unene wa vipande, upande, mwanzo na mwisho wa picha, na imemwonya radiografa. Kama kaakaa lingekuwa sawa, fomu ingesema kitu kingine: tazama kutoka sakafu ya fuvu hadi chini ya tao la aota. Sioni kwa nini mgonjwa, au ndugu anayelipa, asiombe fomu hiyo isomwe mbele yake na kuuliza: mmeandika kwamba ulimi umepinda?

Na picha ikifanywa ipasavyo ikatoka safi? Hutokea mara nyingi. Uzi wa sauti huweza kulala bila sababu kupatikana, pengine baada ya kirusi, na sehemu ya wagonjwa hao hurudishiwa sauti ndani ya mwaka. Madaktari wengi husubiri karibu miezi 12 kabla ya upasuaji wa kudumu wa kuusogeza uzi katikati. Kusubiri si kukaa bure. Mtaalamu wa usemi humfundisha mgonjwa namna ya kuinamisha kidevu anapomeza, vinywaji huongezwa uzito ili visikimbilie njia ya hewa, na dawa ya kujaza uzi inaweza kudungwa kwa muda ili sauti irudi kiasi cha kumwezesha kufanya kazi. Miezi kadhaa baadaye huitwa tena kukaguliwa. Siku hiyo kitu cha kwanza kitakachoulizwa ni CD ya picha ya kwanza, ambayo katika nyumba nyingi iko juu ya kabati ndani ya bahasha ya kaki, kama watoto hawajaifanya gurudumu la gari la waya.